SOMO LA ROBO HII: KUMLEA MWANAFUNZI WA SEKONDARI AWE MTU WA KUAMINIKA



Katika matoleo yetu tumezoea kuwaletea habari za visima, miche ya miti na ada za wanafunzi. Safari hii tunawaletea somo. Limetokana na swali ambalo kamati za sharika zimetuuliza mara nyingi: "Tunawasomesha vijana hawa, lakini je, tutaweza kuwakabidhi kitu?" Swali hilo si la kubeza. Kijana aliye kidato cha tatu leo, baada ya miaka michache ndiye atakayekuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, muuguzi anayeshika funguo za stoo ya dawa, au mtunza hazina wa usharika wenu. Kama hatajifunza kutunza cha watu akiwa bado shuleni, atajifunzia wapi?

Somo limeandaliwa kwa ajili ya walimu wa vipindi vya dini, viongozi wa UKWATA na wazee wa kanisa wanaolea vijana. Hata hivyo, linawahusu pia ninyi mnaotoa fedha, kwa sababu njia tunayoipendekeza ina gharama yake, nasi tunataka muijue mapema.

1. Maana ya neno

Lugha yetu imetupa msaada mkubwa hapa. Maneno kuamini, imani, amana, amani na uaminifu yote yana asili moja katika Kiarabu. Amana ni kitu cha mwenzako ulichokabidhiwa ukitunze: fedha, funguo, mtoto, neno la siri. Mwaminifu ni yule ambaye amana hukaa salama mikononi mwake. Na pale ambapo amana ni salama, watu hukaa kwa amani.

Kwa hiyo uaminifu si tabia ya kukaa nayo moyoni tu. Ni jambo linaloonekana pale tu mtu anapokuwa ameshika kitu ambacho si chake. Mwanafunzi ambaye hajawahi kukabidhiwa kitu chochote hatuwezi kusema kwamba ni mwaminifu wala kwamba si mwaminifu. Bado hatujui, na yeye mwenyewe hajijui.

2. Kwa nini kuhubiri peke yake hakutoshi

Wengi wetu tulifundishwa uaminifu kwa kuambiwa tuwe waaminifu. Tuliimba, tulikariri mistari, tukajibu maswali ya katekisimu. Mambo hayo ni mema na hatuyaachi. Lakini kujua jambo jema na kulitenda ni mambo mawili tofauti.

Mwaka 1928 watafiti wawili wa Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May, walianza kuchapisha matokeo ya kazi kubwa waliyoifanya kwa maelfu ya watoto wa shule. Waliwapa nafasi ya kudanganya katika mitihani, katika michezo, katika kazi za nyumbani na katika mambo ya fedha, kisha wakaangalia nani anafanya nini. Walichokikuta kiliwashangaza walimu wengi. Mtoto aliyedanganya darasani hakuwa lazima ndiye aliyedanganya mchezoni. Na kule kujua vizuri lipi ni sahihi hakukutosha kuonyesha nani angelitenda. Mazingira aliyokuwemo mtoto yalikuwa na nguvu kubwa.

Hapa kwetu tunayaona hayo hayo. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza, Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, lilifuta matokeo ya watahiniwa 333 kwa sababu ya udanganyifu. Ni vigumu kuamini kwamba kuna hata mmoja kati yao ambaye hakujua kuwa kudanganya ni kosa. Tena udanganyifu mwingine mwanafunzi hufanya peke yake, kwa kuangalizia kwa jirani au kuficha vikaratasi. Mwingine hauwezekani bila mtu mzima. Karatasi ya mtihani haitoki yenyewe kwenye bahasha iliyofungwa. Mzazi anayechanga fedha ili mwanawe "asaidiwe" amekwisha kumfundisha somo, na somo hilo litakaa kuliko mahubiri yetu ya mwaka mzima.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Katika mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tunalipokea kwa furaha. Swali letu kama kanisa ni hili: je, sisi tunaweza kuongeza nini ambacho hakipatikani katika kitabu cha kiada? Jibu letu ni kwamba tunaweza kuwapa vijana kitu cha kutunza, na kuwadai hesabu.

3. Mafiga matatu ya kuaminika

Kabla ya kuwapa kitu, ni vema wanafunzi waelewe kwamba kuaminika kuna sehemu zaidi ya moja. Mwaka 1995 wataalamu watatu wa mambo ya kazi na utawala, Mayer, Davis na Schoorman, walieleza kwamba mtu humwamini mwenzake anapoona mambo matatu kwake: uwezo, nia njema na uadilifu. Sisi tumeyaita mafiga matatu, maana chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

(a) Uwezo. Fundi cherehani anaweza kuwa mcha Mungu, lakini kama hajui kukata kitambaa, hutampelekea sare za shule. Mtunza hazina asiyejua kuandika mapato na matumizi atapoteza fedha za watu bila kuiba hata senti moja.

(b) Nia njema. Huyu anaijali hali yangu, au ananitumia tu? Mtu anayejua kazi lakini hakujali, utakuwa salama naye kwa muda ule tu ambao faida yake na yako zinakwenda pamoja.

(c) Uadilifu. Neno lake na tendo lake vinalingana, awe anaonekana au haonekani.

Tumeona mara nyingi kwamba tunapofundisha uaminifu tunashughulikia figa la tatu peke yake. Matokeo yake ni vijana wenye nia safi ambao hatukuwafundisha kutunza daftari, na baadaye upungufu unapotokea tunawaita wezi.

4. Vipindi vinne vya somo

Kila kipindi ni cha dakika 40, kama ilivyo ratiba ya shule zetu.

Kipindi cha kwanza: Unamwamini nani, na kwa nini? Waombe wanafunzi wataje kazi, si majina ya watu: dereva wa bodaboda, wakala wa fedha za simu, mwalimu wa zamu, muuza maziwa. Katika kila kazi waeleze wanachokiangalia kabla ya kumwamini mtu. Andika majibu ubaoni kisha wayapange katika mafiga matatu. Mwisho kila mwanafunzi ajiulize kimya kimya ni figa lipi kwake limelegea.

Kipindi cha pili: Vishawishi vya kweli. Gawanya darasa katika vikundi, kila kikundi kipewe kisa kimoja:

– Umetoa fedha kwa wakala wa simu, naye kwa haraka amekupa shilingi 10,000 zaidi. Umegundua ukiwa nyumbani. Jadilini: jioni wakala akifunga hesabu na ikapungua, nani atalipa? (Mara nyingi wanafunzi hudhani kampuni ndiyo inayolipa. Waelezwe kwamba fedha za dukani ni mtaji wa wakala mwenyewe, au ni za tajiri wake ambaye atamkata.)

– Rafiki yako anasomeshwa na mfadhili. Akifeli muhula huu anaogopa msaada utakatika. Anakuomba umwachie aangalizie karatasi yako.

– Wewe ni kiongozi wa darasa na unakusanya rambirambi kwa mwanafunzi aliyefiwa na baba. Mwenzako anakuomba umkopeshe shilingi 2,000 hadi Ijumaa, naye kweli hurudisha.

Mwalimu asitoe jibu mapema. Kisa cha tatu ndicho kitakachochukua muda mrefu, maana wengi wataona hakuna aliyeumia. Hapo ndipo pa kuwauliza: fedha hizo ni za nani? Nani mwenye haki ya kuzikopesha?

Kipindi cha tatu: Siri. Neno la mtu ni amana kama ilivyo fedha. Anayeeneza mambo ya mwenzake bwenini amevunja amana. Lakini wanafunzi wajifunze pia kwamba ipo siri ambayo kuitunza ni kumsaliti mwenye nayo. Mwenzako akikwambia kwamba kuna mtu mzima anamshika au kumtaka kwa nguvu, au kwamba anafikiria kujiua, usikae nayo peke yako. Mpeleke, au mpelekee habari, mtu mzima anayeaminika: mlezi wa shule, mchungaji, mzazi, afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Waambieni wazi kwamba huo si umbea. Na mwalimu naye asiwaahidi wanafunzi kwamba atatunza kila siri watakayomwambia, kwa sababu ahadi ni deni, na deni hilo hataweza kulilipa.

Kipindi cha nne: Kukabidhi. Hapa maneno yanakwisha na kazi inaanza. Darasa linapewa jambo halisi la kutunza kwa muhula mzima: bustani ya mboga, mabanda ya sungura, maktaba ndogo ya vitabu vya kuazima, au mfuko wa daftari kwa wasio na uwezo. Thamani iwe ndogo, lakini iwe ya kweli. Kinachohitajika ni daftari la mapato na matumizi, siku maalumu ya kuhesabu, na watu watakaosomewa hesabu hizo.

Kwa upande wa fedha tunapendekeza kisanduku cha kufuli tatu, kama wafanyavyo wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa katika vijiji vyetu vingi. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na kisanduku hufunguliwa mbele ya kikundi kizima. Wanafunzi wengine watauliza: "Kama tunaaminiana, kufuli tatu za nini?" Ni swali zuri, na Biblia inalo jibu. Katika 2 Wafalme 12 tunasoma kuhusu kuhani Yehoyada aliyeweka sanduku la matoleo kwa ajili ya kutengeneza hekalu. Fedha zilipokuwa nyingi hakuzihesabu mtu mmoja: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja. Kufuli haipo kwa kuwa mwenzetu ni mwizi. Ipo ili siku fedha zikipungua, mtu asiye na hatia asisingiziwe, na ili mwenye shida asibaki peke yake na kishawishi.

5. Mfano kutoka bustanini

Katika shule moja ya kutwa tunayoshirikiana nayo, wanafunzi wa kidato cha pili walikabidhiwa bustani ya mchicha na chainizi. Waliuza mafungu kwa majirani wa shule, na faida ilikuwa ya kununulia madaftari wenzao wasio na uwezo. Mbegu na ndoo za kumwagilia zilitokana na michango yenu. Kisanduku kilikuwa na kufuli tatu na kilifunguliwa kila Ijumaa.

Wiki ya sita, kabla ya kuhesabu, mtunza hazina wao, binti wa miaka kumi na mitano, alisimama akasema kwamba zitapungua shilingi 8,500. Mauzo ya Jumanne alikaa nayo mwenyewe akisubiri Ijumaa. Usiku wa Jumatano mama yake alizidiwa, na fedha pekee iliyokuwamo nyumbani ilikuwa ile. Alimpa nauli ya kwenda kituo cha afya na ya dawa.

Wanafunzi waligawanyika. Wengine walitaka aondolewe mara moja. Wengine walisema wachange kimya kimya, pengo lizibwe, na daftari liandikwe kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu mlezi alikuwa na uwezo wa kutoa fedha hizo mfukoni mwake, lakini hakufanya hivyo. Aliwauliza maswali mawili tu: "Daftari litasema nini? Na kwa nini fedha zilikaa nyumbani siku tatu?"

Mjadala ulikwenda hadi jua likaanza kushuka. Mwishowe waliamua hivi. Kwanza, daftari liandike ukweli: deni la shilingi 8,500, jina na tarehe. Pili, alipe shilingi 1,000 kila wiki, na wenzake waliotaka kumsaidia wampe yeye mkononi, si kuingiza kisandukuni kwa siri. Tatu, aendelee kuandika daftari, kwa kuwa alisema kabla hajaulizwa, lakini mwingine ashike mauzo. Nne, na hili hakuna mtu mzima aliyelipendekeza, wakatoboa tundu kwenye kifuniko cha kisanduku ili fedha ziingie siku ile ile ya mauzo bila kungoja funguo. Hawakuwa wamesoma bado kwamba sanduku la Yehoyada nalo lilitobolewa tundu kwenye kifuniko chake.

Deni lilimalizika kabla ya mitihani ya muhula.

Tulipoeleza habari hii, mfadhili mmoja alituuliza kwa upole kama isingekuwa salama zaidi mwalimu kuzishika fedha hizo. Tunaliheshimu swali hilo. Ni kweli kwamba hesabu zingelingana kila Ijumaa. Lakini binti yule asingejua kwamba ukweli unaweza kusemwa na mtu akabaki na wenzake. Na wale wengine wasingejua tofauti kati ya kumsaidia mwenzao na kumfichia.

6. Wajibu wetu sisi watu wazima

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hatuwezi kuwadai vijana hesabu ya mchicha ikiwa wao hawajawahi kusikia hesabu ya usharika ikisomwa. Katika 1 Samweli 12, mzee Samweli, baada ya kuliongoza taifa maisha yake yote, alisimama mbele ya watu akawataka waseme kama aliwahi kuchukua ng'ombe au punda wa mtu, au kupokea rushwa. Alijiweka wazi mbele ya wakubwa na wadogo. Mtume Paulo naye alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. 2 Wakorintho 8 inaonyesha kwamba alitumwa Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja akiwa amechaguliwa na makanisa, ili kusiwe na lawama juu ya fedha nyingi namna ile.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika mambo matatu:

(i) Mapato na matumizi ya usharika yasomwe kila robo mwaka, na vijana wa sekondari waalikwe na waruhusiwe kuuliza maswali. Swali la kijana lisichukuliwe kuwa ni utovu wa adabu.

(ii) Kila usharika uwakabidhi vijana jambo moja la kweli la kutunza. Kupanga viti si amana. Amana ni kitu ambacho kikipotea kitaonekana.

(iii) Mzee wa kanisa au mzazi asishiriki kwa namna yoyote katika mchango wa kununua mitihani, hata kama wazazi wengine wote wa darasa wamechanga.

Kwenu wafadhili ombi letu ni moja, nalo ni gumu kidogo. Mtuvumilie kwa hasara ndogo. Katika miradi ya namna hii zipo wiki ambazo daftari litaonyesha upungufu, sungura atakufa, kitabu kitapotea. Tutawaandikia kama kilivyotokea, bila kuziba. Mkiona taarifa yetu ya wanafunzi haina pengo hata moja kwa mwaka mzima, tuulizeni ni nani hasa aliyekuwa akishika funguo.

7. Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni lini mara ya mwisho vijana wa sekondari katika usharika wetu walikabidhiwa kitu chenye thamani? Kilikuwa nini, na kilirudi namna gani?

2. Mtu akisema ukweli kuhusu upungufu kabla hajaulizwa, sisi humtendea vipi? Je, tunamtendea tofauti na yule aliyegunduliwa?

3. Soma Luka 16:1-13. Uaminifu katika mambo madogo unahusianaje na mafiga matatu tuliyoyaona?

4. Katika usharika wetu, funguo za fedha zinashikwa na watu wangapi? Wakiwa wote hawapo, nani anajua kilichomo?

5. Je, kijana mwenye siri nzito katika usharika wetu anamjua mtu mzima wa kumwendea? Mtajeni.

Kamati zitakazotumia somo hili tunaomba zituandikie kupitia ofisi ya jimbo, mkieleza vijana walikabidhiwa nini na daftari lilisema nini mwisho wa muhula. Tutapokea kwa shukrani taarifa za mafanikio, na kwa shukrani ile ile taarifa za upungufu.

Mungu awabariki mnapolea.